Vernita na wimbo ambao chati haikuuona

Theluji ya Februari imeganda kwenye ngazi za nyumba ya matofali mtaa wa Hoag, mjini Toledo. Vernita Stubblefield anamwaga chumvi kwa kikombe cha plastiki, anaiponda barafu kwa kisigino cha buti, kisha anarudi kwenye gari na kubonyeza kitufe. Lifti ya nyuma inashuka ikiguna.

Ndani ya gari, abiria wake wa kwanza ameshafungwa mkanda, blanketi limefunika magoti. Ni Stanley Kowalczyk, mwenye umri wa miaka 81, mstaafu wa kiwanda cha vioo. Anaenda kusafishwa damu, maana figo zake hazifanyi kazi tena.

"Dereva, unaniingizia baridi yote," analalamika. "Nikifa humu utaandika maelezo mpaka ustaafu."

"Mzee Stan, wewe hufi. Figo zenyewe zimekukimbia, wewe bado upo."

Mzee anacheka mpaka anakohoa. Mlango wa nyumba unafunguliwa. Anatoka mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na binamu yake. Ana skafu ya kijani shingoni, na mkono wake wa kulia umelala mapajani kama si wake. Wanakishusha kiti ngazi kwa ngazi, Vernita anamwingiza garini, anainama, anakaza mikanda ya kiti sakafuni, anaijaribu mmoja mmoja. Ndipo anamtazama usoni.

"Umelalaje, Corliss?"

Mwanamke anafumba macho. Anavuta pumzi, anagongagonga paja kwa mkono wa kushoto. Kisha anaimba, kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo: "Vi-zu-ri. Ba-ri-di tu."

Mtu yeyote aliyekuwa kijana mjini hapa kiangazi cha mwaka 1998 angeutambua muziki uliobeba maneno hayo. Ni kiitikio cha "Niulize Jumatatu", wimbo ambao Vernita na Corliss Tandy waliuimba pamoja wakiwa na miaka ishirini. Baada ya wimbo huo hawakusemezana tena kwa zaidi ya robo karne.

Vernita, sasa ana miaka 47, amekuwa dereva wa gari la wagonjwa wasiojiweza kwa miaka kumi na mmoja. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Kabla ya hapo aliendesha basi la shule, na kabla ya basi alipanga masanduku kwenye ghala. Amelea watoto wawili wa kiume, ambao wote wameshaondoka nyumbani.

"Watu wakisikia niliwahi kuwa msanii, wananiuliza hela ziko wapi," anasema huku akigeuza usukani. "Nawajibu, hata mimi nilifika nikakuta zimeshaondoka."

Walikuwa wasichana watatu wa kwaya moja, kanisa lililoko Dorr Street. Corliss alikuwa sauti ya kwanza, Vernita sauti ya chini, na katikati yao alikuwepo Nichelle Broadnax, ambaye Vernita anamtaja kwa upole kuliko anavyojitaja mwenyewe. Wakajiita Junction, jina la mtaa wao. Mtayarishaji mmoja wa Detroit aliwasikia kwenye harusi, akawarekodi, na mwaka 1997 kampuni moja ya New York ikawasajili.

Zilikuwa enzi za vikundi. Wavulana watano walicheza hatua moja, wasichana watatu walivaa suruali pana na vifulana vilivyoacha kitovu nje. Wimbo wa mapenzi ulianza kwa mlio wa mvua na mtu akiongea kama yuko kwenye simu. Ukikaribia mwisho, kiitikio kilipandishwa ngazi moja juu, na msikilizaji akapandishwa nacho, atake asitake. Watoto walitoka shule mbio kuwahi kipindi cha televisheni kilichohesabu video kutoka ya kumi hadi ya kwanza. Jumanne albamu mpya zilipoingia, foleni ya duka la CD ilitoka nje na kuziba mlango wa duka la viatu.

Asiye na hela ya CD alikaa karibu na redio akiwa na kanda tupu. "Nichelle alikuwa na kidole chepesi," Vernita anakumbuka. "Mtangazaji akinyamaza tu, ameshabonyeza. Ila wapo watangazaji walioongea juu ya wimbo mpaka mwimbaji anafungua kinywa. Hao tuliwasema vibaya sana."

Maneno ya "Niulize Jumatatu" aliyatunga Nichelle, muziki akautia Corliss. Ni kisa cha msichana anayeulizwa na mchumba wake kama bado anampenda. Anamjibu: niulize Jumatatu, leo sina jibu. Kiangazi kile wimbo ulipigwa saluni, kwenye kumbi za kuteleza kwa viatu vya magurudumu, kwenye magari yaliyofungua madirisha yote, hata kwenye harusi, ingawa si wimbo wa harusi hata kidogo.

Lakini kwenye chati kuu ya taifa haukuonekana. Kampuni nyingi za wakati huo zilikuwa na mtindo wa kuunyima wimbo CD yake ya peke yake, ili anayeutaka alazimike kununua albamu nzima. Na chati nayo ilikuwa na kanuni yake: wimbo usiouzwa peke yake hauingii, hata kama redio zote za nchi zinaupiga. Kanuni hiyo ilibadilishwa Desemba ya mwaka huohuo. Kwa Junction ilikuwa imechelewa.

"Kila wiki tulinunua gazeti la chati," anasimulia Vernita. "Tunaanza namba mia moja, tunapanda. Halafu tunaanza namba moja, tunashuka. Hatupo. Mama yangu akaniuliza, 'Sasa huo wimbo mnaosema unapigwa, unapigwa wapi?' Na muda huohuo unapigwa kwa jirani, ukuta unatikisika."

Ndiyo maana leo anayetafuta nyimbo zilizotamba miaka ile hawezi kuukuta huu kwenye orodha yoyote. Wanaoujua ni wale tu walioucheza.

Novemba 1998 waliitwa New York kuzungumzia albamu ya pili. Walifikia hotelini jioni. Asubuhi yake Corliss aliitwa peke yake chumba cha juu, kwamba kuna jambo dogo la kuzungumza naye. Vernita na Nichelle wakakaa ukumbi wa mapokezi na masanduku yao. Walikaa hapo mpaka alasiri, hawathubutu kwenda kula wasije wakaitwa wakakosekana.

Aliyeshuka hakuwa Corliss. Alikuwa msichana wa ofisini wa kampuni ile, mwenye tiketi mbili za basi la kurudi Ohio. Aliwaeleza kwamba kampuni imeamua kuendelea na sauti moja. Aliwatakia safari njema.

"Corliss hakushuka," anasema Vernita. Gari limesimama kwenye taa nyekundu, na anaongea akiitazama taa. "Hilo ndilo lililonikaa. Kusaini peke yake, sawa. Tulikuwa watoto, na ningekuwa mimi sijui ningefanyaje. Lakini lifti ilikuwepo. Ungeshuka tu ukatuambia kwaheri."

Albamu ya Corliss ilirekodiwa mwaka 1999, na haikutoka. Upepo wa muziki ulikuwa umegeuka. Nyimbo za kucheza zenye joto la Kilatini zilishika redio, sauti zikaanza kupindwa na mashine zikilia kama roboti, na vijana waligundua namna ya kuvuta nyimbo bure kwa kompyuta kupitia waya wa simu. Kampuni zikaanza kukata watu, na Corliss akawa miongoni mwa waliokatwa. Akahamia Atlanta, akaimba nyuma ya waimbaji wengine kwa miaka kadhaa, mwishowe akafungua saluni.

Nichelle alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 2011. Corliss hakuja msibani. Yalikuja maua kutoka Atlanta, yenye jina lake bila neno lingine.

"Niliyatupa kwenye pipa nyuma ya kanisa," anakiri Vernita. "Maua hayana kosa. Niliyatupa."

Miaka miwili iliyopita Corliss alianguka saluni, kitana mkononi. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kuchukua usemi wake. Binamu yake, Arnetta, alimfuata Atlanta na kumrudisha nyumbani.

Septemba iliyopita jina la Tandy lilijitokeza kwenye kioo cha kifaa kinachomwonyesha Vernita safari zake za siku, abiria mpya wa tiba ya usemi, Jumanne na Alhamisi. Akina Tandy ni wengi Toledo, hakufikiri mara mbili. Mlango ukafunguliwa.

"Nilimjua kwa kidevu," anasema. "Na yeye alinijua. Akafungua kinywa, ikatoka 'leo… leo… leo', basi. Nikadhani ananitania."

Arnetta ndiye aliyemweleza. "Haongei, dada. Anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki."

Vernita alifunga mikanda, akazima redio, akaendesha. Siku hiyohiyo alimwendea msimamizi wake, Bwana Pruitt, akamwomba ampe dereva mwingine njia ile. Pruitt alimjibu kwamba hana mtu wa kuweka hapo mpaka Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, ipite.

Kilichomchoma, anasema, hakikuwa kumwona Corliss. "Nilikuwa namngoja huyu mtu aje aniombe radhi. Nilikuwa na jibu langu tayari, nimelinoa miaka yote. Sasa amekuja, na hawezi kusema. Nikaona hata hilo nalo amenidhulumu."

Wiki zikapita, gari kimya. Aliyechoka na ukimya huo alikuwa Mzee Stan.

"Hili gari limekuwa la maiti," alisema asubuhi moja ya Oktoba. "Mimi maiti bado sijawa. Washa redio."

Vernita akawasha. Ilikuwa stesheni ya nyimbo za zamani, ikipiga wimbo wa kikundi kingine cha miaka ileile. Walikuwa juu ya daraja la mto Maumee. Kutoka nyuma ikasikika sauti ya mwanamke ikifuata wimbo ule, ubeti na kiitikio, maneno yote.

Mzee Stan aligeuza shingo. "Si mlisema huyu haongei?"

"Haongei," Vernita akajibu, macho kwenye kioo cha katikati. "Anaimba."

Walipovuka daraja aliegesha mbele ya duka la matairi na kushika usukani kwa mikono miwili. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amedanganywa. Alipogeuka nyuma akamwona Corliss naye ameshika mdomo, macho yamemtoka, anashangaa kuliko wote.

Mtaalamu wa tiba ya usemi, Maureen Haddad, hakushangaa sana. Anaeleza kwamba kiharusi kinapoharibu sehemu ya ubongo inayounda maneno, wimbo kwa baadhi ya wagonjwa hupita njia nyingine. "Si kwa wote," anasisitiza. "Na wimbo peke yake hausaidii mtu kuomba maji. Ila ukipata muziki ambao mgonjwa anaujua mpaka kwenye mifupa, unaweza kuanza kuweka maneno mengine juu yake, kidogo kidogo."

Haddad alimuuliza dereva: je, kuna wimbo ambao Corliss anaujua kuliko nyimbo zote?

"Nilitaka kumdanganya," anasema Vernita. "Ningeweza kusema sijui. Nani angenikamata?"

Aliutaja. Haddad alipoanzisha, Corliss aliimba kiitikio chote cha "Niulize Jumatatu" akilia. Lakini kila walipojaribu kubadilisha maneno alipotea katikati ya mstari. Ikachukua siku kadhaa kujua anachokosa. Wimbo ule hakuwahi kuuimba bila sauti ya chini ya Vernita kuubeba.

Tangu hapo Vernita hutumia mapumziko yake ya Alhamisi ndani ya chumba cha tiba. Bwana Pruitt alikubali, ilimradi gari lirudi kwa wakati. Wakaanza na "maji". Wakaenda "nimechoka", "inauma", "funga mlango". Kila sentensi hupigwa pajani kwa mkono wa kushoto, huimbwa na wawili, kisha Vernita hufifia na kumwacha Corliss amalizie.

Siku ambayo mwandishi wa gazeti hili aliketi nao, Corliss alisita katikati ya zoezi, akamnyooshea Vernita kidole.

"U-me-shu-ka," aliimba.

"Sauti yangu haijashuka."

"U-me-shu-ka."

"Huyu hajabadilika," Vernita alimwambia Haddad. "Mwaka tisini na saba alikuwa hivihivi, studio, mbele ya watu." Wote watatu walicheka, na Vernita akapandisha noti yake.

Majirani na waumini wenzake humsifu kwa moyo wake mwema. Sifa hizo hazipokei. "Sina moyo wowote," anasema. "Nilitaka apate maneno ili niyasikie. Nilikuwa nafanya kwa ajili yangu."

Aliyasikia Desemba, mlangoni kwa akina Tandy. Mzee Stan alikuwa ameshashushwa. Vernita aliinama kufungua mikanda ya kiti, na Corliss akamkamata mkono wa koti. Akafumba macho. Akagonga paja.

"Ni-li-ju-a," aliimba.

"Ulijua nini?"

"Ni-li-ju-a. M-ko chi-ni."

Vernita anasema aliacha mkanda ukaning'inia. Corliss aliendelea, neno moja baada ya jingine, akirudia kila lilipoteleza. Dirisha. Masanduku. Niliwaona. Kutoka chumba kile cha juu alikuwa amewatazama wakivuka barabara kwenda kituo cha basi, Nichelle mbele, Vernita nyuma.

Lile jibu lililonolewa halikutoka. "Nilimwambia, 'Tulikuwa na njaa, Corliss. Hatukula tangu asubuhi.' Hilo ndilo lililonitoka," anasema Vernita. "Miaka yote nimepanga maneno makubwa. Nikaishia kusema njaa."

Walikaa ndani ya gari, mlango wazi, theluji ikiingia, mpaka Arnetta akatoka kuuliza kama kuna tatizo la lifti.

Neno samahani Corliss hajalisema hadi leo. Haddad alitaka kuliweka kwenye mazoezi. Vernita alimwomba aliache. "Likitaka kuja lije lenyewe. Sitaki afundishwe kama 'funga mlango'."

Anapoulizwa kama amesamehe, anatupia jicho kioo cha katikati.

"Kuna siku naamka nimesamehe, ikifika saa nne sijasamehe tena," anasema. "Lakini kiti chake nakifunga vizuri siku zote."

Corliss alipoulizwa kama anaridhia habari hii iandikwe, aliinua kidole gumba cha kushoto. Alipoulizwa kama kuna jambo angependa lisiandikwe, alitikisa kichwa, akafikiri, kisha akaimba: "A-ndi-ka yo-te."

Sasa wanafanyia mazoezi sentensi moja ngumu. Mama yake Nichelle, Odessa Broadnax, yuko hai, ana miaka 84, na bado anaishi katika nyumba ambayo wasichana watatu walikuwa wakiimba jikoni mwake. Mwezi uliopita Corliss aliomba kupelekwa. Aliomba kwa kuimba jina la mama huyo mara nyingi, mpaka Vernita akaelewa.

Sentensi yenyewe ni: Mama, ni mimi, Corliss. Sikuja kumzika. Nusu ya kwanza hutoka vizuri. Anapofika "sikuja", sauti hukatika, na Haddad anasema hajui kama kinachokwamisha ni kiharusi au ni neno lenyewe.

Mama Odessa alipopigiwa simu hakuonekana kuhitaji maandalizi. "Mleteni," alisema. "Asihangaike na kusema. Nina maswali yangu, yeye atatikisa kichwa tu." Alitaja pia kambare wa kukaanga na pai ya viazi vitamu, akauliza kama mgonjwa anaweza kumeza vizuri au amkatie vipande vidogo.

Mzee Stan naye amejitolea. Aliimba kwaya ya kanisa la Kipolandi kwa miaka mingi, na anadai anaiweza sauti ya katikati.

"Mzee, hiyo sauti ina mwenyewe," Vernita alimjibu.

"Mwenyewe hayupo."

"Najua hayupo. Tunaiacha wazi hivyohivyo."

Mzee alivuta blanketi lake, akatazama nje.

Vernita ameshaomba ruhusa ya Jumapili moja kabla ya Pasaka. Hatatumia gari la kazi. Mwanawe mkubwa atakuja kutoka Columbus na gari lenye nafasi ya kutosha kiti cha magurudumu. Watakwenda baada ya ibada.

"Akikwama, nitaanzisha mimi kwa chini, yeye aje juu yangu," anasema. Amefika hospitali, na anateremka kwenda kufungua mlango wa nyuma. "Asipoweza, basi. Tutakaa, Mama aongee. Ana mengi ya kusema yule, na wakati huu Corliss atakuwepo kuyasikia."